Kamba ya Minza

Mwanangu Kwandu,

Umeenda kusuka, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako mwenye maneno mengi, hutarudi kabla ya jua kuzama. Hilo linanipa muda. Baba yako yuko uani anahangaika na zipu ya begi lako. Mimi nimejifungia chumbani na daftari lako la baiolojia la kidato cha sita, maana ndiyo karatasi niliyoiona karibu. Nimemwambia asinigongee mlango hata wageni wakija kukuaga.

Mambo ya ndoo, shuka, chandarua na namna ya kuishi na wenzako bwenini sitayaandika. Shangazi yako ameshakuambia mara tatu, na mara zote ulikuwa unachezea simu. Ugali wako bado una mabuja, lakini huko chuoni watakupikia, kwa hiyo wenzako wamepona. Sina wasiwasi na wewe kwa mambo hayo. Wasiwasi wangu uko mahali pengine, na umenikaa kifuani tangu siku ile ulipoacha fomu zako mezani.

Unakumbuka chuo kilitaka kila mwombaji aandike ukurasa mmoja aeleze kwa nini anataka shahada ya uuguzi. Ulinificha, ukasema nitasoma ukishapata nafasi. Nilisoma siku hiyo hiyo, ulipoenda kisimani. Uliandika kwamba ulipokuwa darasa la tano kule Bukundi, dada mmoja aliyewaletea maziwa alifariki akijifungua, na kwamba mama yako, muuguzi wa zahanati, alipigana hadi dakika ya mwisho kumwokoa. Uliandika kwamba mama yako alikufundisha kumhudumia mgonjwa mwili na roho. Kisha ukaandika: nataka kuwa muuguzi kama mama yangu.

Niliirudisha karatasi ilipokuwa, nikaenda jikoni, nikawasha moto wakati hapakuwa na cha kupika. Ningekuwa mtu mwema ningekuita siku hiyo. Nilikuacha ukaituma. Walikuchukua, kanisa zima likashangilia, ukaitwa mbele ukaombewa, na mimi nilisimama pembeni yako nikisema amina. Kesho unaondoka ukiwa umejenga maisha yako juu ya uongo wangu. Siwezi kukuacha uondoke hivyo.

Kwa hiyo nakuandikia habari za dada Minza kama zilivyokuwa.

Wewe unamkumbuka na dumu lake la maziwa kichwani, na jinsi alivyokupa ule ukoko wa maziwa chini ya sufuria ukienda kwao. Alikuwa mchekeshaji. Mimi alinichekesha mara moja tu, kwa sababu sikuwa mtu wa kuchekeshwa. Jua kwamba mama uliyekua naye hapa Bariadi siye yule aliyekuwa Bukundi. Yule wa Bukundi alikuwa mkali. Niliokoka nikiwa chuo cha uuguzi, na nilipopangiwa kule nilijiona nimetumwa. Kijiji kizima kilikuwa na ng'ombe wengi na hirizi nyingi. Nilisema kliniki ya wajawazito bila mahubiri haifunguliwi, na haikufunguliwa. Wanawake waliokuja na vitu vya jadi mwilini niliwaambia wavivue mlangoni, wakavitia kwenye kopo la rangi nililoliweka pale, na Ijumaa nikavitupa kwenye shimo la kuchomea taka. Hakuna aliyenituma. Kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba mtu ni mwili, akili na roho, na muuguzi Mkristo anavihudumia vyote. Nilikubali kwa moyo wote. Nilichoelewa mimi ni kwamba roho ya mgonjwa nayo iko chini ya mamlaka yangu, kama vile joto lake na mapigo ya moyo.

Minza alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya ile. Hilo nililijua, lilikuwa kwenye kadi yake. Mama yake, mayu Holo kama tulivyowaita akina mama kule, alimfunga kamba nyeusi kiunoni mimba ilipofika miezi mitatu, kamba yenye kijiti kidogo kilichoshonewa ngozi ya mbuzi. Kwa desturi ya ukoo wao, anayeifunga ndiye anayeifungua, na anaifungua mtoto akishalia. Ndivyo mayu Holo alivyofungwa na mama yake, naye akamzaa Minza. Miezi yote ya kliniki Minza aliificha. Alikuwa akiipandisha chini ya matiti, akishika khanga vizuri nikipima tumbo. Niliiona mara mbili nikajifanya sijaiona, nikisubiri siku ya kujifungua, maana nilijua siku hiyo hawezi kuificha. Nisome vizuri hapo, mwanangu. Nilisubiri.

Alikuja saa nne asubuhi. Ilikuwa mvua za kwanza, watu wote wako mashambani wanapanda pamba, zahanati ilikuwa na akina mama wachache wa chanjo. Alitembea kwa miguu yake, mama yake nyuma amebeba beseni na vitenge. Walinisalimia vizuri, mwangaluka mayu, na mimi nikawajibu. Nilimpima. Njia ilikuwa imefunguka sentimita nne, mtoto amekaa sawa, presha nzuri. Hakuwa na tatizo lolote. Nimesoma vipimo vile kichwani mwangu kwa miaka tisa na bado havina tatizo lolote.

Kisha nikaigusa ile kamba kwa kidole, nikamwambia aitoe.

Hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini, "Aliyeifunga ndiye anayeifungua, mayu. Muite mama aingie, mtoto akilia ataifungua mbele yako."

Ilihitajika hivyo tu. Mayu Holo alikuwa kwenye benchi, hatua kumi kutoka pale. Kamba yenyewe haikuzuia chochote. Haikubana, haikuwa njiani, ningeisogeza juu kwa kidole kimoja na kazi ikaendelea. Lakini nilikuwa nimesubiri miezi sita. Nilimjibu, na maneno haya naomba uyajue kwa mdomo wangu kabla hujayasikia kwa mwingine: "Humu ndani anayeokoa ni Yesu. Chagua."

Alisema anamwamini Yesu. Alisema pia kamba hawezi kuitoa. Nikamtoa kwenye kitanda nikamkalisha benchi la nje afikiri, na uchungu wake. Nikaenda kuchanja watoto. Nilipita pale mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ameinamisha kichwa anapumua na mama yake anamsugua mgongo. Mara ya tatu uchungu ulikuwa umekaza, nikamwingiza tena, nikamlaza, na alipofumba macho uchungu ulipomshika, nilichukua mkasi wa kukatia kitovu, nikaikata.

Hakupiga kelele. Alishika kiuno chake, akapapasa, akanitazama. Kwandu, nimetukanwa na wagonjwa, nimetemewa mate, nimepigwa teke na mwanamke mwenye degedege la mimba. Hakuna kilichoniuma kama vile alivyonitazama. Na hata wakati ule haikuniuma. Nilijisikia nimeshinda. Niliiweka kamba mfukoni mwa koti, nikamwombea kwa sauti kubwa hadi akina mama wa chanjo waliitikia amina, nikarudi kumalizia watoto watano waliobaki.

Nilipotoka kitanda kilikuwa kitupu. Hata beseni halikuwepo.

Baadaye nilijua walikwenda ng'ambo ya mto kwa mzee aliyetengeneza ile kamba, ili afungwe nyingine. Hawakufika. Alijifungulia njiani, kwenye nyumba ya watu, mtoto wa kike, akalia vizuri. Kondo la nyuma halikutoka. Wanawake wa nyumba ile wakavuta kitovu. Walipoona damu wakakodi mkokoteni wa ng'ombe wakamrudisha kwangu, na ng'ombe walikuwa wamechoka kwa kulima tangu alfajiri.

Saa tisa alasiri niliwaona wanaingia getini. Ule mkokoteni ulikuwa unadondosha.

Hapa ndipo ulipo ukweli wa ule ukurasa wako. Ndiyo, nilipigana. Niliweka dripu mbili, nilichoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, nilitoa kondo kwa mkono wangu, nilikandamiza tumbo hadi mabega yakafa ganzi. Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa limekwama kwenye matope njiani. Nilifanya yote niliyofundishwa, kwa usahihi, kwa mwanamke niliyemfukuza mwenyewe asubuhi. Alikuwa bado ana fahamu. Midomo ilikuwa imepauka, akanivuta mkono, nikainama nikidhani ataomba maji.

Alisema, "Nisamehe, mayu. Niliondoka bila kuaga."

Alikufa saa kumi na moja jioni. Sikumjibu. Ningeweza kumjibu, muda ulikuwepo, na mimi nilimwambia anyamaze asijichoshe.

Mayu Holo hakulia pale. Alimwosha binti yake mwenyewe, hakutaka nisaidie. Alipomaliza alikuja hadi mlangoni pa chumba cha dawa na kuniuliza jambo moja tu: kamba iko wapi. Alitaka amzike nayo, kwa kuwa hakuifungua yeye, na kitu kisichofunguliwa kinabaki kikimfunga. Kamba ilikuwa mfukoni mwa koti nililovaa. Nilimwambia nimeichoma. Sijui kwa nini. Labda niliogopa akiichukua watu wataona imekatwa. Aliangalia mikono yangu, akabeba mjukuu wake, akaondoka.

Kwenye rejista, mahali pa sababu, niliandika: mgonjwa alichelewa kufika kituoni. Alikuwa amefika saa nne asubuhi kwa miguu yake.

Nilirudi nyumbani jioni ile, ukanikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Ulikuwa umeshasikia. Ulilia, ukaniuliza kama aliumia, nikakuambia tulijitahidi sana ila Mungu amempenda zaidi. Ukajifuta machozi, ukaenda kunikorogea uji. Ulikuwa na madonge, nikaunywa wote mbele yako, na wewe ukaniangalia kama mtu aliyetoka vitani. Nilikuacha uniangalie hivyo. Nimeishi kwa jicho lako lile tangu siku ile, kwa sababu sikuwa na kingine cha kuishi nacho.

Haikuishia hapo. Niliitwa wilayani kwenye kikao cha kujadili kifo chake, nikasema chanzo ni imani potofu, wajumbe wakatikisa vichwa, ikaandikwa. Mwezi uliofuata nikaalikwa kanisani nitoe ushuhuda juu ya madhara ya uganga. Nikapanda, Kwandu. Nikasimama na kipaza sauti, nikasimulia habari za mwanamke fulani aliyekimbia hospitali kwa sababu ya hirizi, akafa. Watu walilia. Wanawake wawili walivua vya kwao wakavileta mbele. Nilipokuwa nashuka nilimwona mayu Holo nje dirishani, amesimama kwenye jua na mtoto mgongoni. Hakuwa mtu wa kanisa letu. Alikuja kusikiliza nitasema nini.

Baada ya siku ile nilikwepa zamu za chumba cha kujifungulia. Niliandika barua tatu za kuomba uhamisho. Wewe nilikuambia tunahamia Bariadi kwa ajili ya shule nzuri, na ukafurahi kwamba kuna umeme. Ndiyo maana hatukuwahi kurudi Bukundi hata kwa harusi, na ndiyo maana ulipokuwa ukiuliza habari za mtoto wa dada Minza nilikuwa mkali. Ulidhani nina huzuni. Nilikuwa na hofu.

Sasa hiyo fomu ya chuo chako, ukurasa wa pili, imeandikwa kwamba watakufundisha kumtazama mtu mzima, mwili na akili na roho, katika upendo wa Kristo. Ni maneno mazuri na ninayaamini hata leo. Yaamini na wewe. Lakini hayo hayo ndiyo yaliyokuwa mdomoni mwangu nilipoushika mkasi. Mtu asiye na Mungu angeiona ile kamba ni uzi tu, angeisogeza, na Minza leo angekuwa analeta maziwa. Mimi ndiye niliyeona roho, nikaifuata kwa chuma. Nimeisoma Injili yote nikitafuta mahali Bwana alipomwambia mgonjwa avue kitu kwanza ndipo amguse. Sijapaona. Ukipaona huko chuoni, nijulishe, ingawa sasa haitanisaidia kitu.

Sikuambii ufanye nini. Sina haki hiyo, na wewe tangu utoto ukiambiwa nenda kulia unakwenda kushoto. Naweza kukuambia nilichofanya mimi baadaye, nacho si kikubwa. Miaka miwili iliyopita, hapa hospitali, tuliletewa mzee mfugaji mwenye homa ya mapafu. Mkononi alikuwa amefungwa kamba, hapo hapo penye mshipa mzuri wa kuwekea dripu.  Nilivuta kiti nikakaa, nikamuuliza mzee ile kamba alifungwa na nani. Akasema na marehemu mke wake. Nikamuuliza kama naweza kuisogeza juu kidogo, kisha nikimaliza niirudishe. Akanitazama sana. Akasema, "Sogeza, mayu. Wewe ni wa kwanza kuniuliza."

Usidhani baada ya hapo aliokoka akapona. Alikufa siku ya nne. Kabla ya hapo usiku mmoja aliniuliza kama naweza kumwombea, nikamwombea kwa sauti ndogo, akalala. Nilirudisha kamba yake mahali pake kila nilipobadilisha dripu. Ni hayo tu. Sikujisikia nimesamehewa. Nilijisikia nimefanya kazi yangu, na nikatambua kwamba Bukundi sikuwahi kuifanya.

Asubuhi ya leo nimemwambia baba yako. Alikuwa hajui chochote. Alisema nisikuambie sasa, nikusubiri umalize angalau mwaka wa kwanza, maana unaweza kukataa kwenda. Namheshimu baba yako, lakini hili hapana. Nilishawahi kumwekea mtu mtego wa kusubiri. Ukirudi kutoka kusuka nitakupa barua hii mkononi, ukiwa bado na begi lililofunguliwa, ili kama hutaki kwenda uweze kutokwenda, na kama hutaki niwepo stendi kesho useme. Ukitaka kuukana ule ukurasa ulioandika, ukane. Ukienda, nenda kwa sababu yako mwenyewe. Usiende kuwa kama mimi.

Nakupenda, Kwandu. Neno hili naliandika waziwazi kwa sababu nyumbani kwetu hatulisemi, na kwa sababu sijui kama kesho utataka kulisikia.

Kamba ninayo. Nilihama nayo, imo kwenye kile kikopo cha sindano za kushonea ambacho nilikuwa nakuchapa ukikigusa. Imekatwa sehemu moja, fundo lenyewe bado limefungwa kama mayu Holo alivyolifunga. Nimeiweka kwenye mkoba wangu wa kanisani.

Basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. La Mwanhuzi linaondoka saa moja, na kutoka pale nitapata bodaboda hadi Bukundi. Wanaopita huko wameniambia mayu Holo bado yupo, na mjukuu yuko darasa la tatu, wamempa jina la mama yake. Sijui kama nitakaribishwa hata kufika uani. Siendi kuomba nisamehewe. Miaka tisa iliyopita yule mama aliniuliza swali moja mlangoni pa chumba cha dawa, na kesho nakwenda kumjibu.

Mama yako.